Mazingira ya Programu kama Sehemu ya Ushahidi wa Kiisimu

Katika tafiti za Kiswahili zinazotegemea korpasi, mtafiti hutaja matini alizozitumia, idadi ya maneno na jina la programu iliyofanya hesabu, kisha huona wajibu wake umekwisha. Baadhi huambatisha pia daftari la kompyuta, yaani faili moja yenye maelezo, amri za hesabu na majedwali ya matokeo. Mfano unaofahamika zaidi ni Jupyter, mradi uliochipuka mwaka 2014 kutoka katika IPython ya Fernando Pérez. Mtahini aonapo daftari limejaa majedwali, huridhika. Kuridhika huko hakuna msingi.

Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari yapatayo milioni 1.4 yaliyokuwa yamewekwa hadharani. Kati ya yale waliyoweza kujaribu kuyaendesha upya, ni asilimia 24.11 tu yaliyofika mwisho bila hitilafu, na asilimia 4.03 tu yaliyotoa matokeo yaleyale. Daftari huruhusu vipande vya amri kuendeshwa kwa mfuatano wowote. Hivyo jedwali laweza kubaki ukurasani hali amri iliyolizaa imekwisha kufutwa. Aidha, wengi hawaandiki matoleo ya programu waliyoyatumia.

Hili la matoleo ndilo zito zaidi, kwa kuwa si kila badiliko hujitangaza kwa hitilafu. Toleo la 3.6.0 la lugha ya R, lililotoka Aprili 2019, lilibadili kanuni ya kuchagua sampuli nasibu. Mtafiti aliyechagua sentensi 500 kwa toleo la kabla ya hapo, hata kama aliandika namba ya kuanzishia uteuzi, atapewa sentensi nyingine akirudia amri zilezile leo, isipokuwa aiagize programu ifuate kanuni ya zamani. Kwa Kiswahili kuna pia suala la ritifaa. Programu inayoihesabu ritifaa kuwa mpaka wa neno hulivunja *ng'ombe* kuwa *ng* na *ombe*, na kwa kitendo hicho idadi ya maneno, orodha ya marudio na wastani wa urefu wa neno vyote hupotoka. Mwanafunzi anayerudia kazi ya mtangulizi wake na kupata idadi tofauti hana njia ya kujua kama lugha ndiyo iliyobadilika au ni kompyuta.

Wapo wanaodai kwamba mambo haya ni ya mafundi, si ya wanaisimu. Dai hilo ni dhaifu. Mtafiti wa lahaja huandika kijiji, umri wa msemaji na tarehe ya kurekodi, na hakuna aliyewahi kuiita kazi hiyo ya ukarani. Toleo la programu lina hadhi hiyohiyo.

Kinachohitajika si kikubwa. Kila kazi itengewe mazingira yake, pasiwe na programu zisizoihusu. Faili fupi itaje lugha ya programu na kila maktaba pamoja na toleo lake, kama ifanyavyo renv kwa watumiaji wa R. Kisha daftari liendeshwe lote, toka amri ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye kompyuta isiyo ya mwandishi. Wengine husisitiza kwamba mazingira yote yafungwe ndani ya konteina za Docker. Ni njia madhubuti, ila faili zake huwa nzito mno kwa mwanafunzi anayenunua intaneti kwa kipimo (na wanaoisisitiza kwa kawaida si wao wanaolipia). Kwa tasnifu nyingi, orodha ya matoleo na nakala za maktaba zenyewe katika diski ya idara zinatosha. Nakala hizo zisiachwe mikononi mwa mwanafunzi, kwani baada ya mahafali huondoka na kompyuta yake. Zipokelewe pamoja na tasnifu, na mtahini apewe muda wa kuliendesha daftari kabla ya kutoa alama.