Kwinini si Dawa ya Kabatini

Homa ikiingia usiku katika nyumba ya askari kule Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, mara nyingi baba hayupo: yuko zamu, au yuko mbali na kikosi chake. Mama yu peke yake na watoto kando ya Ziwa Tanganyika, na jambo la kwanza alifanyalo ni kufungua kabati na kutazama vidonge vilivyobaki tangu homa ya mwezi uliopita. Huenda miongoni mwavyo vimo vya kwinini. Juma hili twataka kuzungumza juu ya vidonge hivyo. Kwinini ni dawa njema iliyookoa watu wengi, lakini zaidi ya kuua vijidudu vya malaria, hugusa pia moyo na kongosho.

Kwinini si mgeni kwetu. Hutoka katika magome ya mkwinini, mti uliopandwa sana katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina cha mjini Bukavu kimejulikana kwa kuitengeneza. Lakini ili tuielewe hatari yake, hapana budi tuitazame kwanza seli, yaani chembe hai ya mwili.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye milango midogo mno. Baadhi ya milango hiyo hupitisha madini ya potasiamu tu. Ndani ya seli potasiamu ni nyingi kuliko ile ya nje karibu mara 30. Kwa hiyo mlango ukifunguka, potasiamu hutoka, na umeme wa seli hurudi katika utulivu. Umbo la mlango wa namna hii, uliochukuliwa katika bakteria, lilionyeshwa mwaka 1998 na Roderick MacKinnon wa Marekani, ambaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Tuanze na moyo. Kila pigo la moyo ni mfano wa gwaride: misuli hukaza kwa amri, kisha hulegea na kungoja amri nyingine. Milango ya potasiamu ndiyo inayoiruhusu misuli kulegea. Dawa ikiiziba, moyo huchelewa kupumzika, na amri mpya huweza kufika huku sehemu moja imelegea na nyingine bado. Hapo safu huvurugika. Moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, mtu huzimia, na pengine hufa ghafula.

Nguvu hii ya magome yale ilijulikana zamani. Mwaka 1914 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, aliandika habari za mgonjwa aliyegundua mwenyewe kwamba kwinini ilimtuliza mapigo yaliyovurugika. Baadaye kwinidini, ndugu wa kwinini, ikawa dawa ya moyo. Lakini iliyotuliza wengine iliwazimisha wengine. Halofantrini, dawa nyingine ya malaria, ilikuja kujulikana kwa vifo vya ghafula vya namna hiyo hiyo. Kwinini yenyewe, katika kipimo cha daktari, ni pole kuliko hizo. Hatari yake kubwa huja ikizidishwa, ikiingizwa upesi katika mshipa, au ikichanganywa na dawa nyingine zinazoziba milango ile ile.

Sasa kongosho. Seli zinazotengeneza insulini nazo zina milango ya potasiamu. Sukari ikizidi katika damu, milango hiyo hufunga, na insulini hutoka ili kuishusha. Vidonge vya kisukari kama glibenklamidi hufanya kazi kwa kuifunga milango hiyo. Kwinini nayo huichochea kongosho kutoa insulini. Basi mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, akijiongezea kwinini, ameweka mizigo miwili juu ya punda mmoja.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mama mjamzito na kwa mtoto mdogo, kwa sababu malaria kali yenyewe hula sukari ya mwili. Mgonjwa hutoka jasho, huchanganyikiwa, hulegea, na walio kitandani pake husema, "Malaria imepanda kichwani." Kumbe pengine ni sukari iliyoshuka, nayo hurekebishwa upesi ikipimwa. Wakidhani ni malaria tu na kumwongezea kwinini, wanamzamisha.

Ndiyo maana matibabu yamebadilika. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwamo. Waliochomwa sindano ya atesuneti walikufa 8.5 katika kila 100. Waliopewa kwinini, 10.9. Na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza, akiwa na malaria isiyo kali, apewe artemetha na lumefantrini, mahali ambapo zamani alipewa kwinini.

Yako mambo manne ya kushika nyumbani. Kwanza, dozi iliyobaki isiwekwe kwa ajili ya homa ijayo. Homa ipimwe kwanza. Pili, mwambie mganga dawa zote unazotumia, hasa za moyo na za kisukari. Tatu, mtu anayeharisha au kutapika hupoteza potasiamu, na moyo uliopungukiwa potasiamu huvurugwa na dawa kwa urahisi zaidi. Mpe maji ya pakiti ya ORS, ambayo ina potasiamu. Chumvi na sukari za jikoni peke yake hazina. Ndizi mbivu nayo husaidia. Nne, mgonjwa akilegea lakini anaweza kumeza, mpe maji ya sukari huku mkimpeleka kituo cha afya. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani. Abebwe mara moja.

Baba aliye zamu hawezi kuwapo kila usiku. Lakini kabla ya kuondoka anaweza kufungua kabati pamoja na mama, na kuvirudisha katika duka la dawa au kituo cha afya vidonge ambavyo havina mwenyewe.