Wacha Kuniambia Nichague Moja

Kila wiki lazima mtu aniulize, "Kwani wewe ni mpiga picha ama ni dizaina?" Nikisema zote mbili, na pia nachora, ananiangalia kama nimemwambia niko na mabibi wawili kwa ploti moja. Halafu methali inafuata: mshika mbili moja humponyoka.

Sawa. Leo tuongee na hii methali, juu imeharibia wasee wengi huku Eastlands.

Mimi ilinipata chuoni, mwaka wa pili. Tulipewa kazi ya kutengeneza bango. Nikaenda steji na kamera ya kuazima, nikapiga makanga akining'inia mlangoni, nikaandika herufi kwa mkono na kuzipitisha nyuma ya mgongo wake. Mwalimu akasema ni nzuri, lakini mimi ni mwanafunzi wa dizaini, picha ningetoa tu kwa mtandao. "Huwezi kuwa kila kitu." Alama akanipa za kupita tu. Muhula uliofuata karo ikakosekana, nikarudi Umoja. Siandiki hii ndio uache shule. Mathe hajanisamehe hadi leo, na ako na haki. Lakini hayo maneno nilitoka nayo kwa geti, na imenichukua miaka kuyatema.

Hebu simama steji ya Buruburu jioni. Nganya ya 58 ikifika, niambie hiyo ni kazi ya fani gani. Kuna fundi aliyekunja mabati juu ya chasi ya Isuzu. Kuna aliyepanga sura ya mwanamuziki kwa kompyuta, na aliyeipuliza kwa rangi hadi macho yanakufuata ukivuka barabara. Kuna wa stika, wa taa, wa spika. Ukiingia gereji utapata msee mmoja anafanya tatu kati ya hizo, na hakuna mtu anamwambia achague. Nganya tunaiita sanaa. Kijana wa mtaa akichanganya hivyo hivyo kwa kazi yake, ati bado hajajipata.

Na hii njia si mpya. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh mwaka wa 1943. Mwaka wa 1963 alianzisha Camerapix akiwa Dar es Salaam. Alipiga picha, akapiga filamu, akatoa vitabu. Oktoba 1984 ndio filamu yake ya njaa ya Ethiopia ilionyeshwa na BBC, na dunia ikaacha kujifanya haioni. Angeambiwa achague kamera moja, angeacha gani?

Njoo Korogocho, ng'ambo ya dampo la Dandora, alikokulia Cyrus Kabiru. Anaokota vyuma, nyaya na vipande vya vitu vilivyotupwa, anaviunda miwani anayoiita C-Stunners, halafu anaivaa na kupigwa picha. Hiyo ni uchongaji, ni fasheni ama ni picha? Toa moja uone kama kitabaki kitu. Ama uliza Wajukuu Art Project wa Mukuru, upande wa Lunga Lunga. Mwaka wa 2022 walienda Kassel, Ujerumani, kwa documenta, maonyesho makubwa kabisa ya sanaa. Walijenga lango la mabati, mabati kama haya tunalalia chini yake, na ndani wakaweka kazi za kuchonga, za kuchora na filamu. Hakuna aliyewaambia wamechanganyikiwa.

Lakini kesi yangu haiko Ujerumani. Iko orofa ya tatu ya ploti yetu.

Mwaka jana shosho mmoja hapo juu aliaga. Familia ilitaka kijitabu cha mazishi kikachapwe kesho yake asubuhi. Picha zilikuwa mbili: ya kitambulisho, ile unakaa kama umeshikwa na polisi, na nyingine ya karatasi, harusi ya mtu, shosho akiwa pembeni anacheka, bega limekatwa. Saiba walisema hizo hazifai, walete nyingine. Walete kutoka wapi?

Nikachukua ile ya harusi, nikaipiga upya kando ya dirisha kabla jua lizame, ndio karatasi isimeremete. Nikarekebisha mwanga wa uso. Bega lililokosekana nikalichora, na leso juu yake, nikiangalia leso yake yenyewe iliyokuwa bado kwa kamba ya nguo. Halafu nikapanga kijitabu, herufi kubwa, kwa sababu marafiki zake wengi macho yamechoka. Saa kumi usiku nikamaliza. Binti yake alikifungua, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ni yeye."

Ningekuwa mpiga picha tu, ningesema nimeitwa nikiwa nimechelewa. Ningekuwa dizaina tu, ningesema nileteeni picha nzuri. Shosho angezikwa na ile sura ya kitambulisho.

Sasa kitu kinaniudhi kabisa. Wale wale wanasema uchague moja, siku ya kazi ikifika wanataka zote kwa bei ya moja. Unaitwa kupiga picha, ukifika unaambiwa, "Si pia unajua dizaini? Malizia tu na bango." Kuna mwenye duka nilimpigia picha za viatu 40, nikamtengenezea bango, nikamchorea na ukuta wa nje. Alilipa picha peke yake. Hizo zingine akaziita nyongeza, kama sukumawiki ya kwa mama mboga. Nilikuwa na njaa ya kuonekana na sikuwa nimeandikisha chochote, kwa hivyo nilibeba kamera nikaenda. Ule ukuta uko hadi leo. Napita nao kila siku nikienda steji.

Hapo ndio nilielewa methali yao. Ikifika saa ya kukuheshimu, wewe ni mtu wa kubahatisha. Ikifika saa ya kukutumia, wewe ni mafundi watatu.

Niwape haki yao kidogo. Kuna wasee wameandika "msanii wa fani nyingi" kwa wasifu wao na hawajawahi kumaliza hata kazi moja. Kununua kamera si kujua mwanga. Kushusha programu kwa simu si kujua kupanga ukurasa. Mimi nilikaa karibu miaka miwili nikipiga watu wa ploti bure, kwa dirisha lile lile, kabla ya kumwitisha mtu shilingi. Ukishika mbili, shika kwa nguvu. Zinaponyoka kama zinakimbia njia tofauti, lakini picha, mchoro na dizaini zinarudi keja moja.

Kwa hivyo wewe uko Kayole, Dandora ama Jericho, mchana unapiga picha na simu imepasuka kioo, usiku unachora, usiache moja ndio watu wapate jina rahisi la kukuita. Jifunze kila moja hadi iweze kusimama peke yake. Andika ankara yenye mistari mitatu: picha bei yake, mchoro bei yake, dizaini bei yake. Itisha nusu kabla hujatoka nyumbani.

Na akikuuliza tena wewe ni wa kazi gani, muulize analipia ngapi.