Mto Kuja hautambui mipaka ya kaunti

KILA masika yanapowadia, wakazi wa Nyatike katika Kaunti ya Migori hutazama mashariki. Mawingu yanayowatisha ni yale yaliyotanda juu ya milima ya Kisii na Nyamira, unakoanzia Mto Kuja. Mto huo huungana na Mto Migori, kisha hupita katika nyanda za chini hadi Ziwa Victoria. Nyatike inaweza kufurika siku ambayo hapakunyesha hata tone.

Safari hiyo ya maji huchukua saa kadhaa, na humo ndimo lilimo tumaini. Katika muda huo fundi anaweza kuzima transfoma, mhudumu wa maji akaondoa pampu mtoni, na mhandisi akafunga daraja kabla ya matatu kuingia.

Lakini nani atawaarifu? Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hupima mvua. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima kina cha mito. Barabara zimegawanywa baina ya KeNHA, KeRRA, KURA na kaunti, nayo Kenya Power ina nyaya zake. Katiba ya 2010 ilizipa serikali kuu na kaunti jukumu la kukabiliana na majanga, bila kueleza nani ampe nani takwimu gani, na saa ngapi. Barua ya kuomba takwimu, hata ikijibiwa baada ya wiki moja, haifai kitu kwa mto unaofurika usiku mmoja.

Homa Bay ina adha nyingine. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya sitini, likameza fuo na majengo. Ziwa hupanda kwa miezi, hivyo kisingizio cha kushtukizwa hakipo. Aidha, likijaa, maji ya Kuja na Sondu Miriu hukwama mdomoni na kurudi mashambani. Anayelinda barabara za Nyatike anahitaji pia vipimo vya ziwa.

Hata hivyo, kumpa mhandisi tarakimu tupu hakutoshi. Kuambiwa kwamba mto umefika mita nne hakumsaidii iwapo hajui daraja lake hufunikwa kwa mita ngapi za kipimo hichohicho. Kila daraja, transfoma na pampu vinapaswa kuwa na kiwango chake cha hatari kilichokubaliwa mapema. Kazi hiyo huhitaji wapimaji wa maji, wahandisi na mafundi wa umeme kutembea pamoja ukingoni wakiwa na ramani moja, tena wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini.