Kuku Anayetaga Si Cheti cha Usalama

Mwandishi aliyewatuliza wafugaji wa Kampala kwamba kuku akila na kutaga basi chakula chake ni salama, ametumia macho mahali panapotaka maabara. Risasi, metali nzito inayoweza kuchafua chakula hicho, haiui kwa kishindo kama kideri. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu na kuihifadhi mifupani. Kuku anapochota kalsiamu hiyo kutengeneza ganda, risasi nayo hutoka, na nyingine huishia kwenye kiini cha yai. Kadimiamu, metali nzito nyingine, hukaa kwenye figo na ini. Mayai hupungua, mfugaji hulaumu chanjo.

Mwandishi huyo anajitetea kwamba viambato vyetu ni vya asili. Mukene, dagaa wa Ziwa Victoria, ni wa asili, kweli, lakini mfereji wa Nakivubo humwaga uchafu wa jiji na viwanda katika Ghuba ya Murchison ya ziwa hilo. Fosfati ya kuongezea madini nayo inaweza kubeba kadimiamu.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 5 za risasi kwa kilo ya chakula kamili. Kikomo bila kipimo ni porojo. Wauzaji waonyeshe majibu ya maabara, kwa sababu yai hilo analila mtoto, na kwake hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.