Mkurugenzi, programu huria nazo zina gharama

Ukitaka kumwona mkuu wa TEHAMA wa kampuni ya kati hapa Dar es Salaam akibadilisha mazungumzo, muulize leseni za kompyuta zake ziko wapi. Atakutolea risiti mbili tatu za zamani, atageuza laptopu moja akuonyeshe kibandiko kilichofutika maandishi, kisha atakuuliza kama umeshakunywa chai. Mara nyingi Windows na Office zilizomo humo zimetoka kwenye flashi ya fundi, na kila mtu analijua hilo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo, lakini anayedurufu nyimbo tunamwita mwizi, na mwenye flashi tunamshukuru.

Sasa mambo yamebana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, yakiwemo masasisho ya bure ya usalama. Kompyuta nyingi tulizonunua zikiwa zimetumika Ulaya hazifikii masharti ya Windows 11. Ndiyo maana wakurugenzi ambao hawakuwahi kutaka kusikia habari za seva wanaulizia programu huria kama Linux na LibreOffice. Wameambiwa programu hizo hazilipiwi, na macho yamewang'aa.

Mimi nimeongoza kitengo cha TEHAMA kwenye kampuni ya kusambaza vipuri vya magari, duka kuu likiwa Gerezani na matawi yakiwa Mwanza na Mbeya. Tulihamia programu huria, na hadi leo nawashauri wengine wahamie. Ila kampuni inayohama ili isitoe hata senti isijisumbue, kwa sababu itarudi ilikotoka baada ya kupata hasara mara mbili.

Nianze na yale yanayokwenda vizuri. Sisi tulianzia kwenye chumba cha seva, mahali ambapo mfanyakazi wa kawaida haingii. Seva ya mafaili ya Windows ina gharama ambayo wenye kampuni wengi hawaifahamu: ukishalipia seva yenyewe, unatakiwa pia kulipia leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa kinachoifikia. Kila tukiajiri karani, deni linaongezeka. Tukaweka Linux na programu iitwayo Samba, ambayo huziwezesha kompyuta za Windows kuyaona mafaili yaliyoko kwenye Linux kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kazi ikafanyika mwisho wa juma. Jumatatu watu wakafungua kompyuta, wakaikuta diski yao ya Z pale pale, mafaili yamo, wakaendelea na kazi. Hakuna aliyeuliza. Katika kazi yetu, kutoulizwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Mezani kwa watu mambo ni mengine. Dada wa hesabu alikuwa na faili la Excel ambalo ndilo lililoendesha kampuni, hata kama mkurugenzi alidhani ni yeye. Unaingiza bei ya kontena kwa dola, linakupigia ushuru, VAT, gharama za bandari na usafiri, linakutolea bei ya kila bearing na kila brake pad. Ndani yake mna makro zilizoandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani. Tulipolifungua kwa LibreOffice, namba zilionekana, vitufe vikagoma.

"Kaka, hii Excel yenu mpya mbona haihesabu?"

"Dada, hii siyo Excel."

"Basi nirudishie Excel. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa."

Alikuwa na haki. Mashine za uhasibu zikabaki na Windows na Office, safari hii kwa leseni halali tulizolipia. Mauzo, stoo na mapokezi, ambao kazi yao ni barua, barua pepe na kivinjari, wakahama. Wapo wanaharakati wa programu huria watakaoniambia nimesaliti. Mimi sikuajiriwa kueneza dini. Niliajiriwa ili mishahara itoke na mzigo uondoke.

Wanaopinga hupenda kutaja jiji la Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la jiji liliamua kuhamia Linux, likahamisha kompyuta karibu 15,000, na mwaka 2017 baraza lilelile likapiga kura ya kurudi Windows. Hoja hiyo ina uzito. Ila anayeitaja Munich ataje pia Gendarmerie ya Ufaransa. Askari hao walianza na OpenOffice juu ya Windows ileile waliyoizoea, karibu mwaka 2005. Wakafuata Firefox na Thunderbird. Mwaka 2008, watumiaji wakiwa wameshazoea programu zote za mezani, ndipo walipoanza kubadilisha mfumo wa chini kuwa Linux ya Ubuntu, na hawajarudi nyuma. Walijua kwamba mtumishi hagombani na mfumo endeshi. Anagombana na kitufe alichokizoea kikihama mahali pake.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo kampuni zetu zinapoanguka. Mwaka wa kwanza kifungu cha leseni kwenye bajeti yetu kilishuka. Mkuu wa fedha alipokiona, akakifyeka chote na kukitaja kikaoni kama mafanikio. Nilikuwa nimeomba nusu yake ibaki: mafunzo ya watumiaji, mkataba na mtaalamu wa nje wa kumwita seva ikigoma usiku, na nyongeza ya mshahara kwa kijana wetu aliyeijua mitambo ile nje ndani. Nikajibiwa, "Si mlisema ni bure?" Haukupita muda, benki moja ikamchukua kijana kwa mshahara ambao hata mimi ningeukubali. Alituachia nywila zilizoandikwa vizuri kwenye daftari, lakini ile akili ya kujua kwa nini kitu kimewekwa hivi na si vile, hiyo haiandikiki yote. Ndipo fedha za mkataba zilipopatikana, kwa haraka na kwa bei ya dharura.

Programu huria ni kama kisima cha kijiji: hakuna anayekutoza kwa ndoo, lakini asipopatikana wa kukizibua, wote mtalala na kiu. Mwezi Machi 2024 dunia nzima ilikumbushwa hivyo. Ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri. Alijenga imani kwa muda mrefu kwa mtunzaji mkuu wa xz, aliyekuwa akiitunza kwa kujitolea na ameshachoka. Aliyeunasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa nusu sekunde. Aliweza kuchimba mpaka kwenye mzizi kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hofu tuliyobaki nayo ni kwamba kazi inayotegemewa na kampuni zenye mabilioni ilikuwa mabegani mwa mtu ambaye hakuna kampuni iliyomlipa.

Uwazi huohuo ndio unaonifanya niendelee kuupigia debe mfumo huu. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, Linux ya seva ambayo watu walipanga kuitumia hadi 2029, itafikia kikomo mwisho wa 2021. Ingekuwa programu ya kufungwa, tungelia na kulipa. Kwa kuwa msimbo ni wa wazi, mwaka 2021 zikatoka AlmaLinux na Rocky Linux, na wenye seva wakahama bila kuanza upya. Mwenye mali akibadili nia, mteja anabaki na njia ya kutokea.

Wala tusiseme wataalamu hatuna. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. DHIS2, mfumo huria ambao wizara yetu ya afya inautumia kukusanya takwimu za vituo, unaendelezwa kwa ushirikiano na wataalamu wa chuo hichohicho. Vijana wapo, na benki zinajua bei yao.

Kwa hiyo, mkurugenzi, kabla hujaagiza Windows ziondolewe, mwite mkuu wako wa TEHAMA na mkuu wa fedha wakae chumba kimoja. Waulize kama angalau nusu ya fedha za leseni itabaki kwenye bajeti kwa ajili ya watu, na kama yuko mtu wa pili anayeijua seva endapo wa kwanza ataondoka. Wakijibu ndiyo kwa yote mawili, anzeni na chumba cha seva, na uhasibu uwe wa mwisho. Wakijibu hapana, lipia leseni zako za Windows, na flashi ya fundi itupe.