Kidaka Kina Jina, Uyoga Hauna

Watu wa pwani wameitendea nazi haki. Tunda hilo moja huitwa kidaka likiwa changa, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo liwe nazi. Mpunga nao ukikobolewa ni mchele, na mchele ukiiva ni wali. Mimi niliyezaliwa Kapalamsenga, mkoani Katavi, upande wa Ziwa Tanganyika, nilijifunza majina hayo vitabuni, bila chuo wala mwalimu, nikayapenda. Lakini ninao ugomvi na wenye majina hayo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama yangu aliingia miombo na kikapu chake. Kila aina ya uyoga aliiita kwa jina lake, akijua upi ni kitoweo na upi ni sumu. Nilipotaka kuyafasiri majina yale, Kiswahili changu cha fasihi kilinipa neno moja tu: uyoga. Umaskini huu umetoka wapi?

Umetoka katika hadithi tuliyofundishwa, kwamba binadamu alipanda ngazi. Kwanza aliokota na kuwinda kwa ujinga. Akashika jembe, akapata akili. Leo ana trekta na mbolea ya viwandani, amestaarabika. Kwa hadithi hiyo, anayeokota ni mshenzi, anayelima ni mshamba, na msoma mashairi amekaa juu ya wote akila jasho lao. Mimi naikataa.

Tazameni Watongwe wa milima ya Mahale, kaskazini mwetu. Mtafiti wa Kijapani, Makoto Kakeya, aliyeandika habari zao mwaka 1976, aliwakuta wakilima mahindi na mihogo, wakivua, wakiwinda na kurina asali. Walilima kadiri ya kuwatosha, na wageni walikula humo humo. Hawakuwa njiani kuelekea popote. Kila kazi ilikuwa mdhamini wa mwenziwe: shamba likinyauka, mwitu na ziwa vipo.

Na hayo mahindi tunayoyaita chakula cha jadi? Yalizalishwa Mexico kutokana na nyasi za porini, miaka 9,000 hivi iliyopita. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Vyote viwili vilitufikia baada ya Wareno. Mtama na ulezi ndio wenyeji wa Afrika. Kisiwani Pemba nako, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta uwele ukitawala Tumbe, kabla ya mpunga kushika nafasi yake huko Chwaka karne zilizofuata. Kina mama wa Unguja walianza kulima mwani Paje na Jambiani mwaka 1989, lakini maji yakipwa, kuokota chaza na kombe hakukukoma. Mbona hao hamwaiti washenzi?

Jibu lenu nalijua. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na uyoga hauwezi kuwalisha. Kweli, wala sisemi jembe litupwe. Nasema hesabu iwe kamili. Mbegu chotara zadai kununuliwa upya kila msimu. Tumbaku ya Mpanda hukaushwa kwa kuni za miombo. Magunia ya mahindi yanahesabiwa, kikapu cha mama hakihesabiwi. Basi miombo ikifyekwa, daftari halionyeshi hasara. Ilhali wameondoka uyoga, asali na matunda, na nyuma yao yameondoka majina.

Washairi, hapo ndipo deni lenu lilipo. Acheni kulifanya "mshamba" kuwa tusi. Kisha nendeni kwa akina mama wa miombo kabla hawajaisha, muwaulize majina, mkayatie katika beti zenu. Lugha iliyoweza kulipa jina koroma haishindwi na uyoga. Inashindwa na dharau.