AFYA YETU: Mawe ya Figo Hayafanani

Wasomaji, mtu ashikwaye na maumivu makali ya kiuno yateremkayo mpaka kinenani, kisha akaona damu katika mkojo, huenda ana jiwe katika figo au katika mrija wa mkojo. Daktari hutafuta kwanza mahali jiwe lilipo. Swali la pili, ambalo wengi wetu hatuliulizi, ni hili: jiwe ni la namna gani?

Mawe mengi hufanyika kwa chokaa. Mengine hufanyika kwa asidi ya yuriki, na mengine hutokana na vijidudu katika mkojo. Tofauti hii si ya bure. Jiwe la asidi ya yuriki mara nyingi laweza kuyeyushwa kwa dawa ipunguzayo ukali wa mkojo, mgonjwa asipasuliwe. Jiwe la chokaa haliyeyuki kwa dawa hiyo.

Karani wa soko huchoma gunia kwa bambo apate kujua mahindi ya ndani. Daktari hutumia picha. Katika eksirei ya kawaida jiwe la chokaa huonekana jeupe kama mfupa, bali lile la asidi ya yuriki kwa kawaida halionekani. Mashine ya CT, aliyoivumbua Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ikapiga picha ya mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1971, huyaonyesha karibu mawe yote, tena hupima kwa hesabu jinsi kila jiwe lizuiavyo miale. Maji ni 0. Asidi ya yuriki mara nyingi haipiti 500. Chokaa mara nyingi huvuka 1,000.

Tena ziko mashine zipigazo miale ya nguvu mbili, mathalani kilovolti 80 na 140. Chokaa huizuia miale dhaifu kupita ile yenye nguvu. Asidi ya yuriki huizuia yote karibu sawasawa. Kwa njia hiyo hutambulikana.

Hata hivyo, jiwe la mchanganyiko laweza kuidanganya mashine. Kwa hiyo jiwe likitoka katika mkojo usilitupe. Lipeleke hospitali likapimwe. Mwanamke mwenye mimba na aseme mapema, maana yeye hupimwa kwanza kwa altrasaundi, isiyo na miale hiyo. Na mwenye homa pamoja na maumivu hayo asingoje kesho.

Basi, kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya kupasuliwa, mwulize daktari wako jiwe lako ni la namna gani. Kuuliza si ujinga.